Kufuli tatu, kipanya kimoja

Sanduku la kikundi cha mama mdogo lina kufuli tatu. Kila kufuli ina ufunguo wake, na kila ufunguo unalala nyumba yake: mmoja Pasua, mmoja Njoro, mmoja Majengo. Wenye funguo wasipokutana, sanduku halifunguki. Ndivyo VICOBA nyingi, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, zinavyojilinda, na kwa wanawake hawa wa Moshi, mafundi cherehani na wauza mitumba wa Kiboroloni, utaratibu huo umewafaa tangu walipoanza kununua hisa.

Kisha ikaja kompyuta. Mtoto wa mwanachama mmoja aliwaletea kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, bado nzima, na mahesabu yakahamishwa kutoka kwenye kaunta buku. Kijana wa jirani akaombwa awasaidie kuingiza hisa, mikopo na marejesho. Tangu siku hiyo sanduku likabaki na kufuli zake tatu, ila mahesabu yakawa na mkono mmoja tu. Mama mdogo ndiye mhazini. Kila kikao alisimama nyuma ya kiti cha yule kijana akisema, "Hebu rudisha hapo juu," na kabla hajamaliza kusoma mstari, ukurasa umeshashuka.

"Simsingizii mtoto wa watu," aliniambia. "Lakini mhazini asiyeziona hesabu ni mhazini wa jina."

Alikuja dukani kwangu asubuhi moja ya Januari, Kibo bado iko wazi kabla mawingu hayajaifunika. Nina duka dogo la stesheneri karibu na soko la Mbuyuni: natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu mtandaoni. Cherehani yake iko barazani mwa duka la vitambaa, hatua chache kutoka kwangu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unifundishe kile kipanya. Hayo mengine nitayakuta mbele ya safari."

Nilidhani anarahisisha mambo. Sasa najua alikuwa ameliona jambo ambalo mimi, baada ya miaka mingi mbele ya kompyuta, nilikuwa nimelisahau. Kibodi mtu anaweza kuidonoa kwa kidole kimoja, maana herufi zimeandikwa juu yake. Kipanya hakijaandikwa kitu. Kina mgongo laini, vitufe viwili visivyo na jina, kigurudumu katikati, na aliyekishika ndiye anayetiiwa na kila kilichomo kwenye skrini.

Siku ya kwanza niliiharibu. Nilimkalisha, nikamwambia sogeza hapa, bofya pale. Akakinyanyua kipanya juu na kukielekeza kwenye skrini kama rimoti ya televisheni. Nikaushika mkono wake nikaurudisha mezani. Akasukuma kulia mpaka ukingo wa meza, kishale cha kwenye skrini hakijafika alikotaka, mkono umekwama hewani, akaniangalia. Nikakichukua. "Hivi, mama mdogo, ona." Nikafungua faili, nikalifunga, nikalifungua tena, sekunde chache tu.

"Asante, nimeona," akasema, akajifunga kanga yake vizuri na kurudi barazani.

Kuona, alikuwa ameshaona miezi minane kwa yule kijana. Mchana kutwa nilisikia cherehani yake ikienda, na nilijisikia vibaya, kwa sababu hicho nilichomfanyia kiliwahi kunipata.

Nilikigusa kipanya kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili. Chumba kilikuwa na kompyuta tano na sisi tulikuwa zaidi ya arobaini. Vipanya vya wakati ule vilikuwa na mpira tumboni, tufe la chuma lililovikwa raba, zito kuliko unavyotarajia. Mpira ukiviringika juu ya meza ulisukuma vijiti viwili vilivyokaa pembemraba, kimoja cha kwenda kulia na kushoto, kingine cha kwenda mbele na nyuma. Mwisho wa kila kijiti kulikuwa na gurudumu lenye matundu. Mwanga ulipita kwenye tundu, ukakatika, ukapita tena, na kompyuta ilihesabu mikatiko hiyo ikajua mkono umekwenda umbali gani. Kazi nzuri ya kifundi. Ila vumbi la Moshi wakati wa kiangazi halina huruma. Lilijikusanya kwenye vijiti pamoja na jasho la mikono yetu, likatengeneza ukanda mweusi, na kishale kikaanza kukwama upande mmoja. Tulikuwa tunafungua kifuniko cha chini na kuukwangua ukanda huo kwa kucha au njiti ya kiberiti. Mara nyingine ulifungua ukakuta tumbo tupu: mpira umeondoka na mtu, unachezewa kama gololi huko nje.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni mkono wa mwalimu ukitokea begani kwangu. Zamu yangu ilikuwa dakika tano. Nikisita, mkono ulikuja, ukachukua kipanya, ukafanya, ukaondoka. Nilimaliza mwaka nikiwa nimeona mengi sana.

Jioni ile nilipofunga duka nilijiuliza: ni nini hasa kinachomshinda mtu mzima, aliyeshona kwa miaka thelathini, mwenye mikono inayoweza kutia uzi kwenye sindano bila miwani? Si ugumu wa kifaa. Tatizo ni kwamba mkono uko sehemu moja na kazi inatokea sehemu nyingine. Kalamu inaandika ilipo. Jembe linalima lilipo. Hata simu ya kugusa, ambayo mama mdogo anaitumia bila shida, inaitika pale kidole kilipogusa. Kipanya kinatambaa mezani na matokeo yanatokea juu, kwenye kioo kilichosimama wima, ambako hakuna mkono. Mtu anapaswa kujenga daraja kichwani kati ya sehemu hizo mbili, na sisi tuliokwisha kulijenga tunasahau kwamba liliwahi kutokuwepo.

Waliokitengeneza hawakulichukulia jambo hilo kirahisi. Douglas Engelbart, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1925 na aliyewahi kuwa fundi wa rada jeshini, alikuwa akitafuta namna ya binadamu kushirikiana na kompyuta kwa haraka zaidi. Mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, mwenzake Bill English alikitengeneza kipanya cha kwanza: kipande cha mbao kilichochongwa kikaenea kiganjani, kitufe kimoja juu, na chini magurudumu mawili ya chuma yaliyokaa pembemraba. Waya ulitokea nyuma kama mkia, na jina likapatikana hapo. Hawakukipitisha kwa kukipenda. Walikishindanisha na vifaa vingine, kalamu ya mwanga, kifimbo cha kusukuma, hata kifaa cha kuongozwa kwa goti chini ya meza, wakapima ni kipi kinamfikisha mtu haraka na kwa makosa machache. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionesha hadharani mjini San Francisco, na mwaka 1970 akapewa hataza yake, yaani hati ya haki ya mvumbuzi. Yeye mwenyewe hakutajirika nacho. Kompyuta zenye kipanya zilianza kuingia kwenye ofisi na nyumba za watu miaka ya 1980.

Habari ya goti nilimsimulia mama mdogo baadaye, akafurahi kwelikweli. Cherehani za kiwandani, aliniambia, zina mkono wa chuma unaousukuma kwa goti ili mguu wa cherehani unyanyuke huku vidole vyote vimeshika kitambaa. "Goti lina akili," akasema. "Hao watu walikuwa wanajua."

Nilimfuata barazani kesho yake. Nilikuta anaunga kola ya gauni la kitenge. Nikakaa kwenye stuli, nikaangalia, na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, chini ya meza: miguu yake ilikuwa inakanyaga, polepole kwenye kona, haraka kwenye mnyoofu, na macho yake hayakushuka hata mara moja.

"Mama mdogo, ukikanyaga unaangalia mguu?"

"Nikiangalia mguu nitashona kidole."

"Unaangalia nini?"

"Naangalia sindano."

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akaniangalia, nadhani kabla sijasema chochote alikuwa ameshaelewa. Kishale ndicho sindano. Mkono ni mguu. Mguu hauangaliwi.

Jioni alirudi dukani, na mimi nilikuwa nimejiwekea sharti moja: nikimfundisha mtu, mikono yangu inakaa nyuma, vidole vimefumbatana, sikigusi kipanya hata nyumba iungue. Ni vigumu kuliko unavyofikiri. Mkono wa anayejua unawasha. Mtu anatafuta kitufe cha kufunga dirisha, kishale kinapita juu yake, kinarudi, kinapita tena, na wewe kifua kinakubana. Vumilia. Katika sekunde hizo ishirini daraja linajengwa, na ukinyoosha mkono unalivunja.

Tulianza bila kubofya chochote. Nilimwambia akizungushe kishale kwenye pembe nne za skrini, basi. Hapo likajitokeza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulitamka: mezani hakuna juu. Ukimwambia mtu "peleka juu," atakinyanyua kipanya, na ana haki, maana juu ni juu. Kinachopandisha kishale ni kukisukuma kipanya mbele, mbali na kifua; ukikivuta kuja kwako, kishale kinashuka. Nikaacha kusema juu na chini. Nikasema "kipeleke mbele" na "kirudishe kwako," na mambo yakanyooka.

Yakapinda tena baada ya dakika chache, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimekigeuza kipanya kikalala upande. Kipanya hakijui meza yako imeelekea wapi. Kinajua mwili wake tu: mbele ni kule kiliko kichwa chake. Kikigeuka robo duara, ukisukuma mbele kishale kinakwenda pembeni. Mama mdogo alilielewa hili kwa njia yake. Akasema ni sawa na kukata kitambaa bila kufuata uzi. Utakata vizuri tu, lakini gauni litapinda. Tangu hapo kabla ya kuanza hukigusa kipanya kichwani kwa kidole cha shahada kuhakikisha kimenyooka.

Na ule ukingo wa meza uliomkwamisha siku ya kwanza? Dawa yake ni kukinyanyua kipanya, kukirudisha katikati na kuendelea kusukuma. Kikiwa hewani, kishale kinasubiri pale kilipo. Watu wengi sana hawaambiwi hivyo, wanabaki wakijinyoosha mezani mpaka bega linauma. Yeye alitikisa kichwa. Ukifika mwisho wa kitambaa si unanyanyua mguu wa cherehani, unakivuta upya, unashusha?

Siku ya tatu tulihamia nyumbani kwake Njoro, ilikokuwa kompyuta ya kikundi. Walikuwa wameiweka sebuleni juu ya meza ya kioo, kwa heshima. Kishale kikaruka kama kimepandwa na mashetani. Alinitazama kwa wasiwasi kwamba amesahau kila kitu, nikamwomba akigeuze kipanya tumbo juu. Vipanya vya siku hizi havina mpira. Tumboni kuna taa ndogo, mara nyingi nyekundu, na pembeni yake kamera ndogo mno inayopiga picha za meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde. Kipanya kinalinganisha picha na picha: hiki kidoa kilikuwa hapa, sasa kiko pale, kwa hiyo mkono umesogea kiasi hiki.

"Kama ninavyolinganisha maua ya kitenge kwenye mshono," akasema.

Ndivyo hasa, na kioo kitupu hakina maua. Kamera inatazama na haioni cha kushika. Mbao ina mistari, karatasi ina nyuzi, kitambaa kina msokoto. Kioo na vitu vinavyong'aa sana vinakipofusha kipanya cha kawaida. Nilitaka kuweka daftari chini yake. Alishanyanyuka. Alirudi na kipande cha kaki, akakikata mraba, akakipiga pindo pande nne kwa mkono tukiwa tunaongea, na kipande hicho ndicho kinachotumika mpaka leo.

Kubofya mara mbili kulitusumbua siku nyingi kuliko yote. Anabofya, halafu kwa kutaka kuwa makini anapumzika, anabofya tena, na faili linabaki limelala. Kwenye Windows kompyuta huwa imepangwa isubiri nusu sekunde tu kati ya mbofyo na mbofyo. Ukichelewa zaidi ya hapo inahesabu umebofya mara moja, halafu mara moja tena. Kuna tatizo la pili lililojificha ndani ya hilo: vidole vikikaza, mkono mzima unasogea, kishale kinatoka kwenye faili kabla ya mbofyo wa pili. Nilifungua mipangilio ya kipanya, yeye ndiye aliyeshika, mimi nikielekeza kwa mdomo, tukaongeza muda wa kusubiri. Tukaondoa na ile tabia ya kishale kwenda mbali zaidi mkono unaposukuma kwa haraka, kwa sababu mtu anayejifunza anahitaji umbali uleule wa mkono umpe umbali uleule wa kishale kila mara. Tukakikuza kishale kidogo, kwa ajili ya macho. Nikamwonesha pia kwamba anaweza kubofya mara moja na kubonyeza Enter, kazi ikaisha. Kama unamfundisha mzazi wako, anza na mipangilio hiyo. Iko hapohapo ndani ya mashine, na ni dakika mbili.

Kisha kuburuta: kushikilia kitufe huku unasogeza, na kuachia mwisho wa safari. Wengi wetu tulijifunzia kwenye mchezo wa karata uliokuja na Windows mwaka 1990, ambao uliwazoesha watu kushika karata, kuivuta na kuiachia bila kujua wanafundishwa. Mama mdogo ni mzee wa kanisa na karata hakuzitaka. Nikamfungulia Paint. Ukurasa mweupe, penseli.

"Nichore nini?"

"Unachokijua."

Alichora kola. Mstari wa kwanza ulitetemeka kama njia ya mbuzi na ukakatika mara tatu kwa sababu kidole kiliachia njiani. Mstari wa pili ulikatika mara moja. Saa moja baadaye skrini ilikuwa na bega, kwapa, kiuno na pindo, patani nzima ya gauni la kola ya mviringo, yenye alama za pini. Niliona kiganja chake kimelegea. Mwanzoni alikuwa amekikamata kipanya kama anayezuia kuku asitoroke. Sasa kiganja kililala, vidole viwili vikapumzika juu ya vitufe, na mwendo ukatoka kwenye kiwiko. Ndipo mkono unapopaswa kuwa. Wanaokunja kifundo cha mkono kutwa nzima wanakuja kukilipia kwa maumivu.

Niliihifadhi ile patani. Yaani, aliihifadhi yeye.

Kufikia Machi, mvua zikaanza na umeme ukawa wa kubahatisha, lakini alikuwa anaingia kwenye Excel, anashuka kwa kigurudumu, anaburuta kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, anasoma jumla pale chini. Alikuta sehemu mbili ambapo marejesho ya mtu mmoja yaliandikwa kwenye mstari wa mwenzake. Makosa ya kuteleza, si wizi, na yule kijana alipooneshwa alisahihisha na kuomba radhi. Kwenye kaunta buku mambo hayo yangeonekana siku hiyohiyo, maana macho ishirini yalikuwa juu ya ukurasa mmoja.

Kikao cha mwisho wa mwezi nilialikwa. Wanawake walikaa sebuleni, wengine kwenye mkeka, sanduku katikati na funguo zake tatu. Mmoja aliuliza mkopo wake umebaki kiasi gani. Nilikuwa karibu na meza, na mkono wangu, wallahi, ulinyanyuka wenyewe. Mama mdogo alikisogeza kipanya upande wake bila hata kunitazama. "Subiri, mwanangu." Alikinyoosha kwa kidole, akashuka taratibu, jina kwa jina, kila mtu akisoma naye, akasimama, akabofya. Akasoma kiasi kwa sauti. Kikafanana na kilichoandikwa kwenye kitabu cha yule mama.

Mwenyekiti, mama mmoja mzito wa Kibosho ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alikuwa ameinuka na kusogea. "Nami nishike kidogo," akasema. Akakalia kiti. Akakinyanyua kipanya juu, akakielekeza kwenye skrini.

Mama mdogo aliirudisha mikono yake nyuma, vidole vikafumbatana.

"Kiweke kwenye kaki, mama mwenyekiti. Halafu usiuangalie mkono. Angalia sindano."

"Sindano gani?"